Uzalishaji wa Kila Siku kwa Mwandishi: Maswali na Majibu ya Marudio

Maelekezo: Soma swali. Funika jibu. Andika jibu lako kwenye karatasi, kisha linganisha. Mwanafunzi anayesoma jibu kabla ya kuandika la kwake hajafanya marudio. Istilahi zinazorudiwarudiwa hapa zimerudiwa kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazobeba alama.

SEHEMU A: FASILI NA TOFAUTI

1. Eleza maana ya uzalishaji wa kila siku katika uandishi. (alama 2)

Uzalishaji wa kila siku ni kiasi cha maandishi mapya anachokitoa mwandishi katika siku moja, kikihesabiwa kwa kipimo kisichobadilika.

Alama ya kwanza iko kwenye "maandishi mapya". Ya pili iko kwenye "kipimo kisichobadilika". Kusoma upya sura ya jana, kupanga mafaili, kutafuta jina la kitabu na kuwasimulia rafiki zako habari za kitabu si uzalishaji, hata kama vimekula siku nzima.

2. Tofautisha uzalishaji na tija. (alama 4)

Uzalishaji ni wingi wa kilichotoka. Tija ni uwiano kati ya kilichotoka na muda uliotumika kukitoa.

Mfano: Mwandishi A ameketi saa 6, ametoa maneno 900. Uzalishaji wake ni maneno 900. Tija yake ni maneno 150 kwa saa. Mwandishi B ameketi saa 1, ametoa maneno 400. Uzalishaji wake ni maneno 400. Tija yake ni maneno 400 kwa saa. A amemzidi B kwa uzalishaji. B amemzidi A kwa tija.

Fasili bila mfano hupata alama 2. Swali likiuliza "mwandishi aongeze vipi", kwanza taja anaongeza kipi. Uzalishaji huongezwa kwa kuongeza vikao. Tija huongezwa kwa kuondoa kinachokula muda ndani ya kikao. Ukivichanganya hivi viwili katika swali hili, utavichanganya hadi mwisho wa karatasi.

3. Fafanua istilahi zifuatazo: (a) kikao (b) kiwango cha siku (c) rasimu (d) daftari la hesabu. (alama 8)

(a) Kikao ni kipindi chenye mwanzo na mwisho unaojulikana, ambacho ndani yake mwandishi haruhusiwi kufanya kazi nyingine.

(b) Kiwango cha siku ni kiasi cha chini kabisa cha maandishi mapya ambacho mwandishi amejifunga kukitoa kila siku ya kazi. Neno la lazima hapa ni "cha chini". Ukiandika "kiasi anachotarajia", umekosa alama moja.

(c) Rasimu ni maandishi yaliyokamilika kwa mtiririko lakini hayajahaririwa.

(d) Daftari la hesabu ni kumbukumbu ya tarehe, muda wa kikao na idadi ya maneno yaliyotoka. Daftari la hesabu huandika kilichotokea. Haliandiki kilichokusudiwa.

4. Tofautisha lengo na kiwango cha siku. (alama 2)

Lengo ni kazi nzima inayokusudiwa, kwa mfano riwaya ya maneno 50,000. Kiwango cha siku ni sehemu ya kazi hiyo inayodaiwa leo.

SEHEMU B: KIPIMO NA HESABU

5. "Kiwango cha siku hupimwa kwa siku mbaya." Fafanua kauli hii kwa kutumia takwimu za mwandishi mmoja. (alama 8)

Kauli hii ina maana kwamba mwandishi asipange kiwango cha siku kwa kuangalia siku aliyoandika sana, bali kwa kuangalia kile anachoweza kukitoa akiwa amechoka, nyumba ina wageni au mawazo yamegoma.

Mfano bora ni Ernest Hemingway. Katika mahojiano yaliyochapishwa na jarida la The Paris Review mwaka 1958, ilielezwa kwamba aliweka ukutani kipande cha boksi alichoandika juu yake idadi ya maneno ya kila siku. Idadi zilizotajwa ni hizi: 450, 575, 462, 1,250, kisha 512.

Kokotoa wastani. Jumla ni 3,249. Ukigawa kwa 5 unapata takriban maneno 650. Sasa panga namba kuanzia ndogo hadi kubwa: 450, 462, 512, 575, 1,250. Namba ya katikati ni 512. Angalia kwa makini: wastani wa 650 haukufikiwa katika siku nne kati ya tano. Umepandishwa na siku moja tu, ile ya maneno 1,250, nayo ina maelezo yake: siku kubwa za namna hiyo zilikuwa za kazi ya ziada, ili kesho yake aende kuvua samaki bila kujilaumu.

Kwa hiyo, mwandishi mwenye daftari kama hilo akijiwekea kiwango cha maneno 650, atashindwa siku nne katika kila tano. Akijiwekea 450, hatashindwa hata siku moja. Kiwango sahihi ni 450.

Mgawanyo wa alama: maana 2, takwimu 2, ukokotoaji 2, hitimisho 2. Wanaotaja jina la Hemingway bila namba hupata 2 tu kati ya 8. Swali limesema "takwimu".

6. Mwandishi Anthony Trollope aliandika maneno 250 kila robo saa. Kwa kutumia taarifa za maisha yake, (a) kokotoa uzalishaji wake wa kikao kimoja. (b) kokotoa uzalishaji wake halisi wa wiki. (c) eleza tofauti ya majibu hayo mawili. (alama 12)

Taarifa za kukariri kwanza. Trollope (1815–1882) alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza kuanzia 1834 hadi 1867. Aliandika riwaya 47. Alikuwa mezani saa 11:30 alfajiri na kuondoka saa 2:30 asubuhi, kisha akajiandaa kwenda kazini. Alimlipa mtunza farasi wake pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Aliweka saa mbele yake. Nusu saa ya mwanzo alisoma aliyoyaandika jana. Ratiba hii ameieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake.

(a) Kikao ni saa 3. Toa nusu saa ya kusoma: zinabaki saa 2 na nusu, yaani robo saa 10. Robo saa 10 mara maneno 250 ni maneno 2,500. (alama 4)

(b) Trollope alijigawia idadi ya kurasa kwa wiki, na ukurasa wake ulikuwa na maneno 250. Wastani ulikuwa kurasa 40 hivi. Mgawo wa chini kabisa ulikuwa kurasa 20, wa juu kabisa 112. Kwa hiyo wastani wa wiki ni 40 mara 250, sawa na maneno 10,000. Wiki ya chini ni maneno 5,000. Wiki ya juu ni maneno 28,000. (alama 4)

(c) Maneno 2,500 ni kasi ya kikao kilichokwenda sawa. Vikao 7 vya namna hiyo vingetoa maneno 17,500 kwa wiki. Wastani halisi ulikuwa 10,000. Kasi si wastani. Mwandishi aliyesifika kwa nidhamu kuliko karibu wote wa zama zake kwa kawaida alijigawia kwa wiki kiasi kidogo kuliko kile ambacho kasi yake ingeruhusu, na kwa sababu hiyo mgawo ulitimizika. (alama 4)

Mtego: "Trollope aliandika maneno 2,500 kila siku ya maisha yake." Si kweli, na umeshaona hesabu. Sentensi hii huonekana katika majibu mengi, na huwaumiza wanafunzi mara mbili: kwanza kwenye mtihani, kisha nyumbani, wanapojilinganisha na mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Nyongeza kwa wanaotafuta alama za juu: Trollope alimaliza riwaya ya Doctor Thorne siku moja, akaanza The Bertrams siku iliyofuata. Huu ni mfano wa mwendelezo wa vikao. Utumie chini ya hoja ya nidhamu. Usiutumie chini ya hoja ya kasi.

7. Je, viwango vya siku vya waandishi wa Kiingereza vinaweza kutumiwa na mwandishi wa Kiswahili jinsi vilivyo? Jadili. (alama 6)

Hapana. Kipimo ni neno, na neno la Kiswahili si sawa na neno la Kiingereza.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima, wakati, mtendwa na wakati mwingine kirejeshi ndani ya neno moja. "Hawajaniandikia" ni neno moja. Kiingereza huhitaji maneno sita au saba kusema jambo hilo. "Nilipokuwa nikikuandikia" ni maneno mawili. Kiingereza huhitaji sita. Stephen King, katika kitabu chake On Writing cha mwaka 2000, alitaja maneno 2,000 kwa siku kuwa kiwango chake, na kumshauri anayeanza aandike maneno 1,000 kwa siku, akipumzika siku moja kwa wiki. Mwandishi wa Kiswahili akizichukua namba hizo bila kufikiri, huenda akawa amejitwisha mzigo mzito kuliko uliokusudiwa.

Usiandike kwamba uwiano ni thabiti. Kiswahili pia kina vineno vifupi vingi, kama "ya", "wa", "cha" na "na", ambavyo huongeza idadi. Matini yenye mazungumzo mengi huhesabika tofauti na matini ya maelezo. Jibu linalokubalika ni hili: kiwango cha siku hutokana na daftari la hesabu la mwandishi mwenyewe, katika lugha anayoiandikia. Mwandishi aandike wiki mbili bila kiwango, ahesabu, kisha achague namba iliyo karibu na siku yake mbaya.

8. Mshairi wa mashairi ya kimapokeo atatumia kipimo gani cha uzalishaji? (alama 4)

Mshairi atatumia ubeti uliokamilika. Neno halifai, kwa sababu shairi la kimapokeo hujengwa kwa mizani na vina. Ubeti wa tarbia wenye mishororo minne ya mizani 16 una mizani 64. Ubeti wa utenzi wenye mistari minne ya mizani 8 una mizani 32. Kwa mizani, ubeti mmoja wa tarbia ni sawa na beti mbili za utenzi. Kwa kazi si sawa, kwa sababu tarbia hudai vina vya kati pamoja na vya mwisho.

Ubeti ambao haujapata kina chake haujakamilika, kwa hiyo hauhesabiwi.

SEHEMU C: KIKAO NA VIZUIZI VYAKE

9. Tofautisha kuandika rasimu na kuhariri, kisha eleza kwa nini kazi hizi mbili zisifanywe katika kikao kimoja. (alama 10)

Kuandika rasimu ni kutoa maandishi ambayo hayakuwapo. Kuhariri ni kubadilisha maandishi yaliyopo. Rasimu huongeza idadi ya maneno. Uhariri mara nyingi huipunguza. (alama 4)

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Anayeandika maneno 400 na kufuta 300 katika kikao kimoja ataandika 100 kwenye daftari la hesabu, ingawa amefanya kazi ya kweli. Baada ya siku kumi atajiona mvivu. Daftari limemsingizia kwa sababu yeye amechanganya kazi mbili.

Sababu ya pili ni ya akili. Rasimu inataka mtu anayesonga mbele na kuvumilia sentensi dhaifu. Uhariri unataka mtu anayesimama na kukataa. Mmoja akimkatiza mwenzake kila baada ya mstari, hakuna anayemaliza kazi yake.

Sababu ya tatu ni ya umbali. Mwandishi hawezi kuona kosa la sentensi aliyoiandika dakika tano zilizopita, kwa sababu bado anasoma alichokusudia. King anashauri rasimu nzima ifungiwe kwa wiki sita au zaidi kabla ya kusomwa upya. Mwanafunzi mwenye insha ya wiki ijayo hana wiki sita, lakini usiku mmoja anao.

Jambo la vitendo ambalo vitabu vingi vya kigeni havilitaji: kompyuta iliyowekwa Kiingereza hupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, na simu hulibadilisha neno kabla hujaliona. Hapo uhariri unaingizwa kwa nguvu katikati ya rasimu. Zima usahihishaji wa moja kwa moja kabla ya kikao. Nimewaona wanafunzi wenye uwezo wakitumia nusu ya kikao kugombana na kibodi.

(alama 2 kwa kila sababu; jambo la vitendo linaweza kuchukua nafasi ya sababu moja)

10. Mkwamo wa mwandishi ni nini? Bainisha aina zake tatu na tiba ya kila moja. (alama 11)

Mkwamo wa mwandishi ni hali ya mwandishi kuwa ndani ya kikao bila kutoa maandishi mapya. (alama 2) Aliye nje ya kikao hajakwama; hajaanza. Tofauti hii hupimwa mara nyingi.

Aina ya kwanza: mkwamo wa kutojua kinachofuata. Mwandishi amefika mwisho wa anachokijua kuhusu habari yake. Tiba yake hufanyika jana: kusimamisha kikao wakati bado unajua sentensi inayofuata. Hemingway alieleza njia hii katika mahojiano yaleyale ya 1958. Mwandishi hukatiza kazi akiwa na akiba, na kesho yake huanzia kwenye akiba hiyo. Anayeandika mpaka kisima kikauke hushinda kikao cha leo na kupoteza cha kesho. (alama 3)

Aina ya pili: mkwamo wa kukataa mapema. Mwandishi anajua kinachofuata, lakini kila sentensi inayokuja anaiona haifai. Huyu anahariri kabla ya rasimu. Tiba ni kuandika sentensi hiyo mbaya, kuiwekea alama pembeni na kupita. Ukosefu wa neno moja, jina la kijiji au tarehe usisimamishe kikao. Acha nafasi, endelea. (alama 3)

Aina ya tatu: mkwamo wa uchovu. Mwili umechoka, tumbo ni tupu au kuna jambo zito nyumbani. Tiba si kuongeza saa. Tiba ni kutimiza kiwango cha siku, ambacho kimepimwa kwa siku kama hii, na kufunga kikao. Msiba na ugonjwa si uchovu. Siku hizo daftari la hesabu liandikwe "hakuna", na mwandishi asijihukumu. (alama 3)

Kanuni ya mwandishi Raymond Chandler inaweza kutumiwa kama mfano kwa aina zote tatu. Chandler alitaka mwandishi wa kulipwa atenge angalau saa 4 kwa siku. Ndani ya saa hizo si lazima aandike, lakini haruhusiwi kufanya kitu kingine: asisome, asiandike barua. Ana mambo mawili tu ya kuchagua, kuandika au kukaa bure. Kukaa bure huchosha upesi. Wenye kazi nyingine wapunguze saa hizo ziwe dakika 30. Kanuni inabaki ileile.

11. Eleza mbinu ya Pomodoro. (alama 3)

Pomodoro ni mbinu ya kugawa kazi katika vipindi vya dakika 25, kila kimoja kikifuatwa na mapumziko ya dakika 5. Iliasisiwa na Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980. Jina ni neno la Kiitaliano la nyanya, kutokana na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya aliyoitumia. Mbinu hii hupima muda, haipimi maneno. Kwa hiyo haichukui nafasi ya kiwango cha siku.

12. Taja vitu vitatu vinavyopunguza tija ndani ya kikao na namna ya kuvidhibiti. (alama 6)

Simu: iwekwe chumba kingine. Kama simu ndiyo chombo cha kuandikia, data izimwe kwa muda wa kikao. Kukatika kwa umeme: kikao kiwe na njia ya pili, yaani daftari na kalamu, maneno ya daftari yahesabiwe siku hiyohiyo, hata kabla hayajachapwa. Kuitwaitwa: watu wa nyumbani waambiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Saa ya kumaliza ndiyo huwafanya wavumilie.

SEHEMU D: INSHA

13. "Mwandishi asiye na muda wala mahali hawezi kuwa na uzalishaji wa kila siku." Kanusha kauli hii kwa kutumia mifano ya waandishi wanne. (alama 20)

Mgawanyo: utangulizi 2, mifano minne 16, hitimisho 2. Kila mfano una alama 4: kizuizi 1, alichofanya 1, matokeo 1, uhusiano na kauli 1. Alama ya nne ndiyo hupotea. Mtahiniwa husimulia vizuri, kisha husahau kusema hadithi hiyo inakanusha nini.

Shaaban Robert (1909–1962). Kizuizi ni ajira. Alianza ukarani katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni mwaka 1926, na aliendelea kuwa mtumishi wa serikali katika idara mbalimbali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hata hivyo aliandika riwaya, insha, wasifu, tenzi na mashairi yaliyofikia vitabu zaidi ya 20. Uhusiano na kauli: kazi ya mshahara hupunguza saa za kuandika, haiziondoi zote. Usimtaje kama mtu aliyeishi kwa kuandika tu.

Toni Morrison (1931–2019). Kizuizi ni malezi. Alilea watoto wawili wa kiume peke yake huku akifanya kazi katika shirika la uchapishaji la Random House. Aliandika alfajiri, kabla watoto hawajaamka. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970. Mwaka 1993 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Uhusiano na kauli: kikao kinaweza kuwekwa mahali ambapo siku haijaanza kudai chochote. Mfano huu uelewe vizuri kuliko mingine, hasa kama wewe ndiwe unayeamka kuwasha jiko.

Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025). Kizuizi ni kifungo. Alikamatwa mwishoni mwa Desemba 1977, baada ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kuigizwa Kamĩrĩĩthũ na kupigwa marufuku. Alizuiliwa bila kufunguliwa mashtaka katika gereza la Kamiti mpaka Desemba 1978. Humo ndani aliandika kwa Kikuyu riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi za chooni. Riwaya ilichapishwa mwaka 1980, na kwa Kiswahili inajulikana kama Shetani Msalabani. Uhusiano na kauli: hakuwa na karatasi halali wala uhakika wa kutoka, lakini alikuwa na kikao.

Angalizo kuhusu mfano huu. Usiandike kwamba gereza "lilimsaidia" kuandika. Kuzuiliwa bila mashtaka ni dhuluma, na riwaya iliandikwa dhidi yake. Mtahiniwa anayesifu dhiki ili kupamba hoja hajaelewa mfano. Mwandishi anastahili muda na mahali. Hoja ya insha ni kwamba asisubiri kuvipata ndipo aanze.

Anthony Trollope. Taarifa zake ziko katika swali la 6. Kizuizi ni ajira tena, kwa hiyo lazima umtofautishe na Shaaban Robert. Kwa Trollope, sisitiza kikao kisichohama na kipimo cha robo saa. Kwa Shaaban Robert, sisitiza wingi wa tanzu. Mifano miwili ikisema jambo lilelile, utalipwa kwa mmoja.

Hitimisho la insha litaje msimamo kwa sentensi mbili. Lisilete mwandishi wa tano.

SEHEMU E: UKOKOTOAJI WA MWISHO

14. Mwandishi mwenye kiwango cha siku cha maneno 400 anaandika siku 5 kwa wiki. (a) Rasimu ya maneno 50,000 itamchukua wiki ngapi? (b) Akikosa siku moja kila wiki, itamchukua wiki ngapi? (c) Kwa kasi gani kwa siku rasimu hiyo ingekamilika katika siku 30? (alama 6)

(a) 400 mara 5 ni maneno 2,000 kwa wiki. 50,000 gawanya kwa 2,000 ni wiki 25.

(b) 400 mara 4 ni maneno 1,600 kwa wiki. 50,000 gawanya kwa 1,600 ni 31.25, yaani atamaliza katika wiki ya 32. Siku moja iliyokosekana kila wiki imegharimu zaidi ya wiki 6.

(c) 50,000 gawanya kwa 30 ni maneno 1,667 kwa siku, bila siku ya mapumziko. Hiki ndicho kilichokuwa kiwango cha changamoto ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja iliyoanzishwa na Chris Baty katika eneo la San Francisco mwaka 1999. Ni zaidi ya mara nne ya kiwango cha mwandishi wetu.

15. Mwandishi huyo amekosa siku tatu mfululizo. Aandike maneno mangapi siku ya nne? Toa sababu. (alama 3)

Maneno 400.

Wanaojibu 1,600 wamejumlisha deni. Kiwango cha siku hakina deni. Maneno 1,600 hayajapimwa kwa siku mbaya, na siku ya nne baada ya kukosa tatu huwa mbaya. Akijitwisha 1,600 atashindwa, na siku ya tano anaweza kujikuta anadaiwa 2,000. Aandike 400, aingize namba hiyo kwenye daftari la hesabu chini ya mistari mitatu ya "hakuna", afunge kikao akijua sentensi ya kesho.